Nusu mililita tu: kipimo cha HLA kwa mtoto ambaye mshipa haupatikani

Kuna mama aliniuliza swali pale kwenye dirisha la kupokelea sampuli na toka siku hiyo halinitoki kichwani. Alisema "dokta, kwani damu ya mwanangu mnaipeleka wapi yote hii?" Mi sio dokta, ni mtu wa maabara, nikamwambia hivo akasema kwangu mimi nyie wote madokta tu. Hakuuliza kwa ubaya. Mwanae ana miaka minne, ana selimundu, wiki mbili nyuma alikuwa amelazwa na maumivu, mishipa yote ishachoka, mkono wa kushoto una plasta tatu na wa kulia mbili na mwisho sista akaenda kutafuta mguuni, na baada ya kilio chote kile kilichopatikana ni kama nusu mililita, imelala chini ya tyubu hata haifiki alama ya kwanza.

Na tyubu yenyewe ilikuwa ya kofia ya kijani.

Wenzangu wa maabara hapo washaelewa. Kwa wengine nieleze: kofia ya kijani maana yake ndani kuna heparini, ya kuzuia damu isigande, na kwa vipimo vingine haina shida kabisa ila kwa PCR, yaani ile njia ya kunakili DNA mpaka iwe nyingi ya kupimika, ni balaa, inakikwamisha kile kimeng'enya kinachonakili DNA na kazi inasimama pale pale. Sisi tunataka zambarau, yenye EDTA, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Aliyeagiza tyubu ile alifundishwa enzi ambazo kupima HLA, zile alama za kulinganisha mgonjwa na mchangiaji, lazima seli zifike maabara zikiwa hai, na enzi hizo kijani ilikuwa sahihi, kwaiyo yeye simlaumu sana, naulaumu ule mpangilio ambao maelekezo mapya hayafiki wodini. Ila mtoto ndo alichomwa mara sita. Nilijaribu kuisafisha ile DNA, nikaizimua, nikarudia, jeli ikatoka tupu, hata ule mstari wa kontroli ambao lazima uonekane kila kisima (kitundu kidogo cha trei ya kipimo) haukuonekana. Nikashika simu kumwambia mama arudi na mtoto.

Sitaki kupiga tena simu ya namna ile, ndo maana naandika hapa. Kama una mtoto mwenye damu kidogo unachagua njia ya kipimo kabla sindano haijatoka kwenye pakiti yake. Tyubu ikishafika mezani umebaki kuchagua kati ya mabaya.

Turudi nyuma kidogo kwa wasomaji ambao hawako kwenye hii kazi, maana najua wazazi wengi wenye watoto wa selimundu wanasoma hapa. HLA ni zile alama zinazokaa juu ya seli zako, mwili unazitumia kujua huyu ni wa nyumbani na huyu ni mgeni. Maelekezo ya kuzitengeneza yako kwenye kromosomu namba 6, jini kadhaa zimekaa karibu karibu, HLA-A, C, B, halafu DR na DQ, na kwa sababu zimekaa karibu mtoto anazirithi kama furushi moja lililofungwa, furushi moja la baba na furushi moja la mama. Kila mzazi ana mafurushi mawili kwaiyo watoto wa baba mmoja mama mmoja wanaweza kutoka kwa namna nne, na nafasi ya ndugu kulingana kabisa na mwenzake ni moja kati ya nne. Ukitaka kumpandikiza mtoto uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaanza kutafuta kwa ndugu zake. Kwa figo nako tunaangalia HLA ingawa pale kuna dawa zinazosaidia kuvumilia tofauti, ila kwa uloto kutolingana ni hatari kubwa zaidi maana uloto mpya ndo unaweza kuushambulia mwili mzima wa mgonjwa.

Zamani haya yote yalikuwa mambo ya kusafiri India. Figo ya kwanza kupandikizwa hapa Tanzania ilikuwa hospitali ya Muhimbili, Novemba 2017, Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa wakafuata 2018, na 2023 Dodoma wakaanza uloto kwa watoto wa selimundu. Kwa nchi ambayo inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka hii ni habari kubwa sana na mi naifurahia kila nikiikumbuka, ila pia maana yake ni kwamba watu wanaoletwa kupimwa HLA sasa sio tena wale watu wazima wa figo wenye mishipa kama kamba, ni watoto. Wengine vichanga kabisa. Mtoto wa kilo 12 mwili mzima una damu kama mililita 900 hivi, na huyu wa selimundu hemoglobini yake iko chini, inaweza kuwa 7 tu, kila mililita unayomtoa ina maana kwake.

Sasa njia zenyewe.

Njia ya zamani kabisa ni ya seramu, yaani yale maji ya damu yenye kingamwili. Mwaka 1958 Jean Dausset kule Ufaransa alielezea alama ya kwanza ya aina hii kwenye seli nyeupe, na mwaka huo huo Jon van Rood Uholanzi na Rose Payne Marekani wakaonyesha kwamba kina mama waliobeba mimba wanaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za baba wa mtoto, yaani kwa miaka mingi vitendanishi vya kazi yetu vilitoka kwenye damu ya kina mama waliozaa mara nyingi. Dausset alikuja kupewa Nobel 1980. Halafu 1964 akaja Paul Terasaki, Mmarekani mwenye asili ya Japani, akatengeneza trei ndogo yenye visima vidogo vidogo, kila kisima seramu maikrolita moja tu, juu mafuta ili isikauke, unaweka limfosaiti (aina ya seli nyeupe), unaweka komplementi ya sungura (protini zinazoua seli iliyoshikwa na kingamwili), unaweka rangi, unaangalia kwa hadubini seli zipi zimekufa. Mi namheshimu sana huyu mzee, kwa wakati wake ndo alikuwa amepunguza kweli kweli. Lakini ukihesabu mpaka mwisho bado inakula damu, kila kisima kinataka seli kama 2,000 na visima ni 60 au 72 kwa trei na trei haiwi moja, na ukitaka DR lazima uchuje limfosaiti B peke yake ambazo ni wachache kati ya limfosaiti zote, kwaiyo unaishia kuomba mililita 10, 20. Na seli lazima ziwe hai. Damu ikitoka mkoani kwa basi usiku kucha, ikakaa stendi kwenye jua, ikifika ishakufa, basi tena.

Na kuna jambo lingine ambalo kwetu ni kubwa, seramu nyingi zilipangwa kwa watu wa Ulaya na alama zao. Alama ya B42, ambayo sisi Waafrika tunayo sana na Ulaya ni adimu, kwa seramu ilikuwa inaingiliana na B7 mpaka watu wanaandikiwa B7 ambayo hawana. DR3 nayo ina matawi mawili, 17 na 18, hiyo 18 ndo ya kwetu zaidi. Unaweza ukawaita ndugu wawili wamelingana kumbe hapana. Kwaiyo kwa mtoto mwenye damu kidogo njia ya seramu mi nimeifuta kabisa, haiko hata mezani.

Tunabaki na DNA, na hapa ndo raha yake ilipo, maana ukifanya hesabu unaona nusu mililita sio kidogo kama inavyoonekana kwenye tyubu. Seli moja yenye kiini ina DNA pikogramu 6.6 hivi. Seli nyekundu za kawaida hazina kiini kwaiyo tunategemea nyeupe. Tuseme mtoto ana seli nyeupe 8,000 kwenye kila maikrolita, ukichukua maikrolita 200 ni seli milioni 1.6, zidisha unapata maikrogramu 10 na kitu. Kiuhalisia kolamu ya kuchuja DNA haitakupa yote, utapata nusu, tuseme 4 mpaka 6. Na watoto wa selimundu kwa kawaida seli nyeupe ziko juu, tena wengine wana seli nyekundu changa zenye kiini zinazunguka kwenye damu na zile nazo zina DNA, kwaiyo tyubu yao ndogo inaweza kuwa tajiri. Sasa mlinganishe na mtoto wa saratani ya damu aliyetoka kwenye dawa, seli nyeupe zimeshuka mpaka 500, maikrolita 200 zile zile zitakupa seli laki moja, nanogramu 660 kwenye karatasi, mkononi labda 300. Tyubu zinafanana kwa macho, ujazo ule ule, ila moja ina DNA mara kumi na sita ya nyingine. Ndo maana swali langu la kwanza kwa daktari siku hizi sio umetoa damu kiasi gani, ni seli nyeupe za mtoto ziko ngapi. Lile jibu tayari liko kwenye faili lake, picha kamili ya damu alishapima juzi, hatumchomi ili tulipate.

Njia ya SSP ndo wengi tulijifunzia. Olerup na Zetterquist wa Sweden waliitoa 1992, unakuwa na visima vingi, kila kisima praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) zinazotafuta aleli fulani, yaani toleo fulani la jini, ikiwepo inanakiliwa unaiona kwenye jeli kama mstari, isipokuwepo huoni. Ni nzuri, haitaki mashine kubwa, masaa matatu manne umemaliza. Kwa muda mrefu niliitetea sana hii. Shida ni kwamba kila kisima kinataka DNA yake, nanogramu 60 mpaka 100 hivi kutegemea na mtengenezaji, na trei ya A, B na DR inaweza kuwa na visima 96. Piga hesabu, maikrogramu 6 mpaka karibu 10. Yaani DNA yote ya yule mtoto inaishia kwenye trei moja na ukikosea huna cha kurudia, na yule wa saratani mwenye nanogramu 300 visima vitano tu ndo mwisho. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaipenda kwa sababu ya haraka, mtu amefariki usiku, figo iko kwenye barafu, wanataka jibu kabla hakujakucha. Sisi hapa tunapandikiza kutoka kwa ndugu walio hai, hakuna figo inayosubiri kwenye barafu. Hiyo haraka tunainunua kwa damu ya mtoto na hatuna kazi nayo.

SSO ya shanga ndo niliyochagua, na nitaeleza kwanini taratibu maana bosi wangu alinibishia miezi miwili. Hapa unanakili jini zima mara moja, tuseme HLA-B, kwenye kisima kimoja, nanogramu 40 inatosha. Halafu ile nakala unaichanganya na shanga za plastiki, ndogo kweli, upana wake maikromita 5.6, zimepakwa rangi mbili kwa viwango tofauti mpaka unapata aina 100, na kila aina ya ushanga imebeba probu yake, kipande cha DNA cha kunasa aleli fulani. Mashine ya Luminex inazipitisha moja moja mbele ya leza, inasoma huyu ni ushanga gani na je umeshika kitu. Jini tano, A, B, C, DRB1 (ya DR), DQB1 (ya DQ), mara nanogramu 40 ni 200. Mia mbili! Hata yule mtoto wa saratani anatosha, na wa selimundu anabaki na DNA ya kukaa kwenye friza miaka.

Bosi alikuwa na hoja na zilikuwa za kweli. Mashine ni ghali. Vitendanishi vinaisha muda haraka na kile kirangi cha mwisho hakitaki mwanga. Na hatua ya kuunganisha inataka nyuzi 60 kamili, ikishuka kidogo probu zinaanza kushika vitu ambavyo sio vyake, na umeme wetu tunaujua. Mi nikasema hatua ile ni dakika 15 tu, betri ya akiba inatosha kuishikilia mashine ya PCR dakika 15, tusubiri sampuli zifike angalau nane ndo tuendeshe, wagonjwa wetu wanaweza kusubiri wiki. Hilo la kusubiri wiki ndo lilimfanya akubali, kwa sababu akapiga hesabu mwenyewe akaona seti moja inagawanyika kwa familia mbili.

Kuna watakaoniuliza kwanini sio kusoma herufi zote moja kwa moja, sikwensi, maana ndo dunia ilipo. Ni kweli. Aleli zinazojulikana zimeshapita 40,000 na shanga 100 haziwezi kuzitenganisha zote, unapata majibu yenye "hii au ile au ile", na sisi Waafrika ndo tunaopata hizo "au" nyingi kwa sababu probu nyingi ziliwekwa kwa kuangalia aleli za kwingine. Vile vikifaa vya nanopore, vya kusoma herufi za DNA, vya kuchomeka kwenye laptop mi navipenda mno na naona ndiko tunakoenda, vinakubali sampuli chache na havitaki chumba kizima. Ila njia nyingi za sikwensi zinaanza na kunakili jini lote kwa urefu, herufi elfu tatu nne kwa A, B na C, na DRB1 inazidi hapo sana. DNA ikiwa imekatikakatika haifiki mwisho. Damu iliyokaa kwenye kadi ya karatasi mwaka mzima, ile ya matone ya kisigino, imekatika. Kile kiduara cha milimita 3 unachotoboa kwenye kadi kina damu kama maikrolita 3, DNA labda nanogramu 100 ukiwa na bahati, SSO inakifanyia kazi kwa sababu inanakili vipande vifupi, sikwensi ndefu mara nyingi inagoma. Kwaiyo kwangu mimi: ndugu kwa ndugu, shanga. Mgonjwa asipopata ndugu anayelingana ikabidi kutafuta mtu baki, hapo hakuna mjadala lazima sikwensi, na DNA uliyobakiza kwenye friza ndo utakayoituma. Huwezi kuituma kama uliimaliza kwenye trei ya SSP.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana hadithi haikuishia kwenye tyubu ya kijani. Nimebadilisha mambo kidogo familia isijulikane.

Walirudi wote, baba, mama, mgonjwa, kaka yake wa miaka tisa na kadada ka miezi mitano. Kadada kalishapimwa, kana kinasaba kimoja tu cha selimundu, sio mgonjwa, hiyo haizuii kutoa uloto. Safari hii nilienda mwenyewe chumba cha kutolea damu na tyubu zangu ndogo za zambarau mfukoni. Mgonjwa nusu mililita, safi. Kaka mililita mbili, hakulia hata. Kachanga tukachoma kisigino, damu ikatoka polepole, sista akawa anaminya, na ukiminya kisigino unapata maji maji ya tishu pamoja na damu, na ikaganda kidogo. Nilikiona kile kidonge cha damu iliyoganda pale chini ya tyubu. Nikasema itatosha. Ilikuwa Ijumaa.

DNA ya kachanga ikatoka nanogramu 6 kwa maikrolita, seti inataka 20. Nikaendelea hivo hivo. Hilo ni kosa langu na nimelibeba.

Jibu likaja, kachanga HLA-A ana 30 na 74, sawa na dada yake mgonjwa. DR sawa. HLA-B, B*42 peke yake. Mgonjwa ana B*42 na B*15. Programu ikamwandikia kachanga kwamba karithi B*42 kutoka pande zote mbili, maana yake hajalingana, maana yake familia haina mchangiaji, kwa sababu kaka yake alishatoka kulingana nusu tu. Ningekuwa na jibu la kachanga peke yake ningesaini.

Ila wazazi nao niliwapima. Baba ana lile furushi linalojulikana sana Afrika, A*30, C*17, B*42, DRB1*03:02. Mama B zake ni 15 na 53, hiyo 53 ndo ile ambayo utafiti wa Gambia wa 1991 uliihusisha na kinga ya malaria kali. Mama hana B*42. Sasa mtoto atapataje B*42 mbili wakati mama hana hata moja? Nilikaa pale mbele ya skrini nikaisoma mara nne. Nikafungua namba ghafi za shanga moja moja, nikakuta probu za B*15 zilikuwepo, ziliwaka, ila kidogo, chini ya ule mstari tunaokatia. Aleli moja ilinakiliwa vizuri na nyingine ikazidiwa kwa sababu DNA ya kuanzia ilikuwa kiduchu. Hii ndo hatari ya sampuli ndogo kuliko zote. Kipimo kikigoma unajua kimegoma na unarudia, ila hiki kimekupa jibu zuri lililonyooka ambalo ni la uongo.

Toka siku ile nina sheria kwenye meza yangu na nimeibandika ukutani, sampuli yoyote iliyo chini ya nanogramu 15 kwa maikrolita ikionyesha aleli moja tu kwenye jini lolote haitoki mpaka wazazi waonekane au irudiwe. Namba 15 niliiweka mwenyewe kwa uzoefu wa mashine yetu, wewe weka yako.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimebakiza kama maikrolita 80 za damu ya kachanga kwenye jokofu. Nikachuja upya na hapa nieleze vizuri nilivyofanya maana naulizwa sana. Kile kidonge kilichoganda nilikivunja kwanza, nikakilaza na kimeng'enya cha kuyeyusha protini muda mrefu kuliko maelekezo, usiku kucha. Bafa, yale maji maji ya kutolea DNA kwenye kolamu, niliipasha mpaka nyuzi 70, nikatumia maikrolita 40 tu badala ya 200 ambazo karatasi inasema, nikaiacha ikae kwenye kolamu dakika tano kabla ya kuzungusha, halafu yale yale maikrolita 40 nikayarudisha juu nikazungusha tena. Watu wengi wanatoa kwa bafa nyingi kwa mazoea, DNA inakuwepo ila imezimuliwa mpaka haifai. Na usiiamini sana ile mashine ya kupima DNA kwa mwanga wa kawaida, kwa sampuli nyembamba inahesabu na takataka humo humo, kama una ya fluoresensi, inayosoma mng'ao wa rangi iliyoshika DNA, tumia hiyo. Nilipata nanogramu 24 kwa maikrolita. Nikarudia B tu, maikrolita mbili, sikugusa jini zingine. Nikaweka na kisima kitupu cha maji pembeni, maana ukishaanza kucheza na DNA kidogo, vumbi la nakala za jana linaweza kuingia likajifanya mgonjwa, na ndo sababu chumba cha kuandalia na chumba cha kufungulia nakala haviwezi kuwa kimoja hata kama jengo ni dogo.

B*42, B*15. Kisima cha maji kitupu. Kachanga kamelingana na dada yake jini zote tano.

Ila haijaisha hapo na hii wazazi inawachanganya sana. Mchangiaji akishapatikana lazima apimwe mara ya pili kwa sampuli mpya kabisa, iliyotolewa siku nyingine, ili kuhakikisha hakuna tyubu iliyobadilishana lebo. Hakuna njia ya kuikwepa hiyo na mi sitaki ikwepwe. Mama aliposikia "sampuli nyingine" alinyamaza tu, akamvuta kachanga karibu. Nikamwambia mama, safari hii hakuna sindano, tunatumia kijiti cha pamba, tunasugua shavu kwa ndani, seli za shavuni zina DNA ile ile. SSO inazikubali vizuri tu. Sasa nawaza kama kijiti kingetolewa kwa mgonjwa siku ile ya kwanza, wakati sista anahangaika na mguu, tungekuwa tumefanya nini tofauti. Kwa wagonjwa wa saratani ya damu kijiti kina faida ya ziada kabisa, kwa sababu seli za saratani zinaweza kuwa zimepoteza kipande cha kromosomu 6 na damu ikakupa jibu la nusu, seli za shavu lenyewe hazijapoteza kitu.

Shida moja tu, kachanga kananyonya. Maziwa ya mama yana seli za mama, ukisugua shavu muda huo huo unaweza ukampima mama. Kwaiyo nilimwomba akae saa moja bila kumnyonyesha. Walikaa kwenye lile benchi la nje chini ya mwarobaini, kachanga kakalia, kakalia sana, baba akawa anazunguka nako pale kwenye maegesho, mgonjwa wetu wa miaka minne anamkimbilia nyuma na plasta zake akimwimbia mdogo wake anyamaze. Saa moja ilipofika nikatoka na vijiti vinne. Mama akaniambia "nipe nimsugue mwenyewe dokta", nikampa, nikamwonyesha, kila shavu mara kumi huku unazungusha. Alipomaliza cha nne akavitazama, vijiti vyeupe tu havina hata tone la damu, akaniuliza "ndo hivi tu?"

Nikasema ndo hivi tu mama, mnyonyeshe sasa.